"Nauza Kama Ilivyo": Je, Ni Haki Kunyamaza?



Liko neno moja ambalo husikiwa sana mjini, wala si geni hata huku kwetu mashambani. Neno lenyewe ni hili: "Nauza kama ilivyo." Mwenye baiskeli kuukuu hulinena gulioni, mwenye ng'ombe mkongwe hulinena mnadani, na mwenye nyumba iliyochakaa hulinena mbele ya dalali. Ni neno fupi, na mtu alisikiapo huliona kuwa neno la kweli, maana kitu hakiwezi kuwa ila kama kilivyo. Lakini tukilitazama sana twaona ya kuwa watu wawili waweza kulinena neno hilohilo, mmoja akawa amesema kweli na wa pili akawa amedanganya. Nataka tulifikiri pamoja. Mfano nitakaoutumia ni nyumba, kwa sababu kwa watu wengi nyumba ndiyo ununuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yao, na mtu akikosea hapo mara moja, mara nyingi hana fedha ya kukosea mara ya pili.

Tuchukue mfano wetu kutoka Magomeni. Wale miongoni mwenu ambao hawajapata kufika Dar es Salaam na wajue kwamba Magomeni ni sehemu ya zamani ya mji, ng'ambo ya bonde la mto Msimbazi. Mtu akitoka soko la Kariakoo akaishika barabara ya Morogoro, hushuka Jangwani, huvuka bonde, kisha hupanda kidogo, na hapo ndipo Magomeni ianzapo. Huko ndiko alikokaa Mwalimu Julius Nyerere kabla ya uhuru, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Nyumba nyingi za zamani za hapo zilijengwa kwa namna iitwayo nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vikipangana huku na huku, na uani nyuma penye jiko na choo. Nyingine kuta zake ni za miti na udongo, zikatiwa lipu ya saruji baadaye. Paa lilikuwa la makuti, kisha la madebe, na leo ni la mabati. Nyumba hizo zimelea watoto, na wajukuu, na wapangaji wasiohesabika.

Lakini nyumba huzeeka kama mtu azeekavyo. Mabati hushika kutu. Mchwa huingia katika boriti, nao hula ndani kwa ndani, hata boriti ikabaki ganda tu na kwa nje ikaonekana nzima. Chumvi nayo hupanda ukutani. Maji ya ardhini yenye chumvi hunyonywa na ukuta kama mafuta yanyonywavyo na utambi. Yakauka, chumvi ikabaki, ikavimba, ikaisukuma lipu hata ikamomonyoka. Ndipo mzee mwenye nyumba anapofariki, warithi wakawa wanane, kila mmoja ana shida yake, wala hapana hata mmoja aliye tayari kutoa fedha yake kuitengeneza nyumba ambayo si yake peke yake. Shauri linakuwa moja: iuzwe, tugawane. Tena iuzwe upesi, kama ilivyo.

Swali la kwanza ni hili: Je, ni kosa kuuza nyumba mbovu bila kuitengeneza? Wako watakaojibu mara moja kwamba ni kosa, kwa kuwa tumefundishwa tangu utoto kumpa mwenzetu kilicho chema. Mimi nasema si kosa, na sababu zangu ni tatu.

Sababu ya kwanza, mara nyingi mtu huuza kwa kuwa hana kitu. Kumwambia atengeneze kwanza ndipo auze ni kama kumwambia mwenye njaa ale ashibe kwanza, ndipo aende kutafuta chakula. Ya pili, si kila mnunuzi aitaka nyumba. Magomeni i karibu na soko na barabara kuu, na wengi wanunuao hapo wataka kiwanja tu. Siku ya pili huleta mafundi wakaibomoa nyumba yote, wakaanza kuchimba msingi wa ghorofa. Kwa mtu kama huyo rangi mpya na bati jipya ni fedha iliyotupwa shimoni, na aliyeitupa ni maskini aliyeuza.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Matengenezo afanyayo mtu siku chache kabla ya kuuza, mara nyingi si matengenezo. Hatakaa yeye katika nyumba ile, basi saruji huwa kidogo na mchanga mwingi. Ukuta ulioliwa na chumvi, ukipigwa lipu mpya bila kuondoa asili ya unyevu, hung'aa miezi michache tu, kisha chumvi hutoka tena. Wazee wametuachia methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali ile alipewa mtu atakayekaa. Yule azibaye ufa leo ili auze kesho, aziba ufa ili mwenzake ajenge ukuta. Ukuta wenye ufa ulio wazi ni kama barua iliyofunguliwa, kila mwenye macho aweza kuisoma. Ukuta uliopakwa chokaa juu ya ufa ni barua iliyofutwa. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba nyumba mbovu isiyotengenezwa yaweza kuwa na kweli zaidi kuliko nyumba mbovu iliyopambwa.

Basi, kama kuuza bila kutengeneza si kosa, je, kunyamaza nako si kosa? Hili ndilo swali la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza.

Tufikiri nyumba moja iliyo chini ya mteremko, karibu na bonde. Msimbazi si mto mkubwa wakati wa kiangazi. Mgeni aweza kuutazama akauona mchirizi tu. Lakini mvua kubwa zikinyesha, maji hushuka kutoka vilimani yakalijaza bonde lote, hata barabara ya Jangwani hufungwa na magari hayapiti. Katika Desemba ya mwaka 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na wengi wa waliopoteza makao yao katika bonde walihamishiwa Mabwepande mwaka 2012. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni zilitiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingine zikabomolewa. Haya watu wa mjini huyajua. Lakini mtu aliyetoka Singida au Songea na fedha ya mavuno ya miaka kumi, atayajuaje?

Maji yakiingia ndani ya nyumba, yakipungua huacha mstari ukutani, mstari wa tope unaoonyesha yalifika wapi: magotini, kiunoni, au kifuani pa mtu. Mwenye nyumba akingoja hata mvua za masika zimekwisha, akapaka rangi, mstari hauonekani tena. Mwezi wa Agosti mnunuzi aja, aona ua mkavu, vumbi, na kuku wakiparapara. Mwuzaji amwambia: "Ndugu, sikulazimishi. Nauza kama ilivyo. Tazama mwenyewe." Midomo yake haikunena uongo hata neno moja. Lakini je, rangi ile nayo haikunena? Rangi ile ilimwambia mnunuzi kwamba ukuta huu haujaguswa na maji. Uongo hausemwi kwa ulimi peke yake. Mkono pia husema uongo, na brashi ya rangi pia. Hapa, nadhani, hapana msomaji atakayebishana nami.

Lakini tufanye swali kuwa gumu zaidi. Tuseme hakupaka rangi. Masika yaliyopita hayakuwa makali, mstari wa zamani umefutika wenyewe kwa mvua na jua. Yeye amenyamaza tu. Mnunuzi hakuuliza, naye hakujibu. Je, ana kosa?

Swali hili ni la kale sana. Miaka 44 kabla ya Kristo, huko Rumi, mwandishi Cicero aliandika kitabu juu ya wajibu wa mtu, akamwandikia mwanawe. Katika kitabu hicho alileta mfano ulio kama wa Magomeni kabisa: mtu mwema auza nyumba kwa sababu ya kasoro azijuazo yeye peke yake, watu wadhani ni nyumba ya afya, kumbe yaleta maradhi, vyumbani hutokea wadudu wabaya, na miti yake imeoza, karibu kuanguka. Je, ni haki asiseme? Akawaleta wenye hekima wawili wabishane. Mmoja, Diogenes wa Babeli, akamtetea mwuzaji: ni nani aliyekulazimisha kununua? Aliiweka nyumba yake wazi, hakuisifu kwa uongo, nawe una macho yako. Tena ni upumbavu gani mwuzaji kuzitangaza kasoro za kitu akiuzacho, na kumtuma mpiga mbiu aseme kwamba yauzwa nyumba ya maradhi! Wa pili, Antipater, akakataa: kumwacha mnunuzi aanguke kwa kutojua ni ubaya zaidi ya kumnyima njia mtu aliyepotea, jambo ambalo Waathene walilitolea laana mbele ya watu wote.

Sisi nasi twaijua desturi hii ya njia. Mgeni akipita kijijini jioni, akauliza njia ya kwenda mtoni, hapana mtu amwonyeshaye njia ya shimoni. Hata asipouliza, tukimwona anaelekea penye shimo lililofunikwa na majani, twampigia kelele: "Ndugu, simama!" Wala hatuambiani kwamba yeye ana macho yake. Maana twajua macho hayawezi kuona shimo lililofunikwa. Kwa nini basi sheria ya njia isiwe sheria ya nyumba? Kwa sababu moja tu: katika njia hatupati fedha mgeni akianguka, na katika nyumba twapata.

Cicero mwenyewe alikata shauri kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, kwa maana yake, ni kutaka kwa ajili ya faida yako mwenzako asijue jambo unalolijua wewe, na ambalo lamfaa yeye kulijua. Akaleta na mfano wa kesi ya Rumi: mtu mmoja aliamriwa na makuhani wa ndege aibomoe sehemu ya nyumba yake iliyo juu mlimani, kwa kuwa ilizuia mahali pa kutazamia. Naye badala ya kubomoa akaiuza, asimwambie mnunuzi habari ya amri. Mnunuzi akaamriwa abomoe, akabomoa, kisha akaja kujua. Hakimu Cato akahukumu kwamba mwuzaji amlipe hasara, kwa kuwa aliijua ile amri wala hakuitaja. Je, msomaji, hii si ile alama ya X ukutani? Miaka elfu mbili imepita, na bado watu hupaka rangi juu ya amri.

Tazameni sasa sheria zetu zilivyo. Sheria ya mikataba ya Tanzania ilirithi maneno mengi kutoka sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Nayo yasema kwamba mtu akilificha kwa makusudi jambo alijualo, hiyo ni hila. Lakini kunyamaza tu si hila, isipokuwa pale ambapo mambo yalivyo yamlazimu mtu kusema, au pale ambapo kunyamaza kwake ni sawasawa na kusema. Sheria ile ya Bara Hindi ilitoa na mifano ya farasi. Mtu akimwuzia mwenzake farasi kilema mnadani, akanyamaza, si hila. Lakini mnunuzi akiwa ni binti yake aliyetoka utotoni jana tu, hapo yampasa aseme. Na mnunuzi akimwambia, "Usipokana, nitajua farasi ni mzima," naye akanyamaza, kimya chake kimekuwa neno.

Mfano ule wa binti hunifikirisha sana. Sheria yaona kwamba baba hawezi kumwuzia binti yake farasi kilema kwa kunyamaza, kwa kuwa binti amemtumaini. Basi swali la moyo, lipitalo swali la mahakama, ni hili: ni nani aliye binti yangu? Sheria yaishia mlangoni pa nyumba yangu. Lakini sisi tuliofundishwa kwamba jirani ni yule tunayemkuta njiani hatuwezi kuishia hapo. Mtu aliyekuja kutoka mbali, hajui mto, hajui mtaa, akaniuliza bei na kuniita "baba" au "mama", amenitumaini vilevile. Kutojua kwake ndiko utoto wake.

Wala si sisi tu tufikirio hivi. Waislamu, ambao ni wengi pale Magomeni, katika sheria yao mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu ya zamani asiyoijua ana hiari ya kukirudisha. Na katika jimbo la California huko Marekani, tangu mwaka 1987, auzaye nyumba ya kuishi hutakiwa kwa kawaida kujaza hati ya kueleza kasoro azijuazo, hata kama auza kama ilivyo. Maana yake ni kwamba neno "kama ilivyo" laweza kumwondolea mwuzaji kazi ya kutengeneza, lakini halimwondolei kazi ya kusema. Naona hapa ndipo shauri lote lilipo. Kutengeneza ni kazi ya fedha, na mtu aweza kukosa fedha. Kusema ni kazi ya kinywa, na hapana maskini asiye na kinywa.

Lakini nasikia mtu akinijibu: "Mwalimu, wewe wasema rahisi. Kweli nayo ina gharama." Ni sawa, nami sitaki kuliruka jambo hili. Tumfikirie mama mjane. Hana kitu ila nyumba ile iliyo mteremkoni. Mwanawe ni mgonjwa, ataka fedha za matibabu, na karo za wadogo zangoja. Tuseme akinyamaza atapata shilingi milioni 80, na akisema habari ya maji atapata milioni 60. Je, tumwambie mama huyu atupe milioni 20 kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Tufikiri vema. Milioni 20 zile ni za nani? Mnunuzi atoapo milioni 80, adhani anunua nyumba isiyoingiliwa na maji. Nyumba ya namna hiyo mama hanayo, wala hakuwa nayo jana. Alicho nacho ni nyumba iingiayo maji, na bei yake ni milioni 60. Basi akisema kweli hakupoteza kitu chake. Amezuiwa tu asichukue kitu cha mwenziwe. Watu husema, "Nimeiuza rahisi, basi asilalamike." Lakini bei hushuka kwa ajili ya kasoro zijulikanazo tu. Kasoro iliyofichwa haikushusha bei hata senti moja. Mnunuzi ameilipia kana kwamba haipo. Tena mnunuzi yule naye aweza kuwa mjane, naye ana mtoto, na usiku wa mafuriko mtoto huyo atakuwa amelala chini.

Hata hivyo shida ya mama ni shida ya kweli, na hatuwezi kumaliza kwa kumsomea hesabu. Mzigo ule una wenyewe: ndugu wa marehemu, watoto wakubwa, majirani, na kanisa. Ikiwa sisi sote tumemwacha mpaka akaona hana njia ila kumficha mgeni jambo la maji, kosa si lake peke yake. Si haki mgeni mmoja alipe deni la ukoo mzima, naye hata hajui kwamba analipa.

Liko na jambo jingine. Ubovu wa nyumba hauwaangukii wawili waliopatana peke yao. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa lilianguka Kariakoo, likawafunika wafanyabiashara kati ya shughuli zao, na waliokufa walizidi 20. Siyaleti haya kwa kusema kwamba mtu fulani aliuza kwa hila, la. Nayaleta kwa kuonyesha kwamba nyumba ikianguka haichagui. Yamwangukia mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita, yamwangukia mtoto achezaye barazani na mwuza vitumbua apitaye njiani. Hao hawakuwapo siku ya mapatano, wala hawakuambiwa "kama ilivyo." Kwa hiyo kasoro igusayo uhai haiwi siri ya watu wawili, hata kama wote wawili wameridhika.

Na ziko kasoro zisizo za ukuta. Mtu apitaye katika mitaa ya Dar es Salaam huona nyumba zilizoandikwa kwa herufi kubwa, NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo si pambo. Yameandikwa kwa sababu wako watu wauzao nyumba zisizo zao, na wako ndugu wauzao urithi kwa siri kabla wenzao hawajajua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mtu akiuza "kama ilivyo," naye ajua kwamba mkewe hakukubali, au kwamba mirathi haijafunguliwa mahakamani, au kwamba dada yake wa Tanga hajaambiwa, ameuza nyumba yenye ufa mkubwa kuliko wote. Yule anunuaye kiwanja tu, asiyejali boriti wala bati, ufa huu utamwumiza sawasawa na mwingine. Ukuta waweza kujengwa upya. Haki ya mtu haipigwi lipu.

Je, basi mwuzaji aseme kila kitu? La, hilo nalo lingekuwa kupita kiasi. Rangi iliyobabuka na bati lenye tundu mnunuzi huviona mwenyewe. Asichokijua mwuzaji hawezi kukisema. Yeye si mhandisi. Sababu za kuuza, madeni yake, na ugomvi wa ukoo usiogusa haki ya nyumba, hayo ni yake. Naona yampasa kusema mambo yaliyo na alama tatu pamoja: ayajua yeye, mnunuzi hawezi kuyaona kwa kutazama, nayo yagusa uhai wa watu au haki ya kuimiliki nyumba. Tena asijifanye hajui kwa makusudi. Mtu aliyekataa kuinua mkeka kwa kuogopa ataona mchwa hawezi kusema kwa dhamiri safi, "Mimi sikuona mchwa." Na asemapo, aseme mbele ya mashahidi, ikaandikwe katika hati ya mauzo: nyumba hii huingia maji mvua zikizidi, mnunuzi ameambiwa, amekubali. Hapo "kama ilivyo" imekuwa ushuhuda, wala si pazia. Na mwuzaji atalala usingizi, hapana mtu atakayemwita barazani.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Methali yasema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akiona dalali anamharakisha sana, na asimame kidogo. Na aende kuitazama nyumba wakati wa masika, si kiangazi peke yake. Na amwulize mpangaji aliyekaa, na jirani wa ukuta mmoja, na mwenyekiti wa mtaa. Na apeleke fundi achokoe boriti kwa kisu, na aulize ofisi ya ardhi jina lililoandikwa ni la nani. Tena mnunuzi asiwe mdanganyifu. Kitabu cha Mithali kimemtaja mnunuzi aidharauye bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akaenda zake akijisifu. Akiwaambia warithi maskini kwamba kiwanja chao hakina thamani, naye ajua kinatafutwa na wengi, amefanya dhambi ileile ya rangi juu ya mstari, ila yeye amepaka giza mahali pa nuru.

Labda msomaji wa mashambani atasema: "Haya ni ya watu wa mjini." Sivyo, ndugu. Ng'ombe atupaye mimba huuzwa mnadani akiwa amenona. Mahindi ya mbegu yaliyotobolewa na dumuzi huwekwa chini ya gunia, na mazima juu. Shamba lenye ugomvi wa mpaka huuzwa kwa mgeni, kwa kuwa wenyeji waujua ugomvi. Kila penye mmoja ajuaye na mwingine asiyejua, neno lile "kama ilivyo" laingia.

Nawaomba walimu wenzangu waliulize swali hili katika madarasa ya wakubwa, na wazee waliulize penye baraza, wala wasikubali jibu la upesi. Wasianze na kuuliza, "Sheria yaruhusu nini?" Waanze na swali dogo zaidi, ambalo kila auzaye aweza kujiuliza kabla ya kupokea fedha: "Mtu huyu akija kujua nijualo mimi, je, nitaweza kuketi naye barazani pake?" Akiweza, na aiuze nyumba yake, hata kama imebaki ukuta mmoja. Akiona hawezi, bado kuna neno moja hajalisema, na afadhali aliseme kabla fedha haijahesabiwa.